Haki ya Kodi Ipimwe kwa Uwezo, si kwa Urahisi wa Kukamata

Hakuna Taifa linalojengwa kwa maneno matupu. Shule, zahanati, barabara na visima hujengwa kwa fedha, na fedha za Taifa linalotaka kujitegemea hazina budi kutoka kwa wananchi wake wenyewe. Ukweli huo haubishaniwi. Linalobishaniwa, na ambalo limebishaniwa kwa miaka mingi katika mabaraza ya wafanyakazi, masokoni na bungeni, ni jambo jingine: katika mzigo huu wa wote, nani anaubeba, nani anaugusa tu kwa ncha ya kidole, na nani anatembea kando mikono mitupu huku akijihesabu kuwa yumo katika msafara?

Mfanyakazi wa mshahara analo jibu lake tayari. Anasema ni yeye. Kodi yake hukatwa kabla hajaiona fedha, kwa utaratibu wa lipa kadiri unavyopata, wala hana nafasi ya kuficha, kuchelewesha au kujadiliana. Mwalimu mwenye mshahara unaotozwa kodi wa shilingi 700,000 kwa mwezi, kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2021, hukatwa shilingi 56,000. Mwenye shilingi 1,500,000 hukatwa shilingi 278,000. Hati ya mshahara haisemi uongo. Naye akiisoma, hutazama nje ya dirisha, akaona maduka, magari ya biashara na majumba ya kupangisha, akajiuliza kama wenye mali hizo nao wanayo hati kama yake.

Kutokana na swali hilo la haki huzaliwa mara nyingi jibu lisilo la haki. Wapo wanaosema kwamba dawa ni kumsaka machinga, mama lishe na mkulima mdogo, maana hao ndio wengi na hao ndio "hawalipi". Kauli hiyo husikika kuwa ya uzalendo. Ikipimwa kwa hesabu, inaanguka.

Kwanza, si kweli kwamba mwananchi asiyekatwa kodi ya mapato halipi kodi. Tangu Julai 1998 Kodi ya Ongezeko la Thamani imekuwamo katika bei za bidhaa nyingi anazonunua, na tajiri na maskini huilipa kwa kiwango kilekile. Akipanda daladala, tozo za mafuta zimo ndani ya nauli. Mkulima akiuza mazao yake, ushuru wa halmashauri upo: sheria ya mwaka 2017 iliupunguza hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, lakini haikuufuta. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 ilimkuta hata bibi kijijini akipokea fedha za matumizi kutoka kwa mwanawe, hata ikalazimu ipunguzwe mara kwa mara na hatimaye, katika bajeti ya mwaka 2023, iondolewe katika kutumiana fedha. Mtu wa namna hiyo hawezi kuitwa mkwepaji.

Pili, mfanyabiashara mdogo hutozwa kwa mauzo, si kwa faida. Kwa utaratibu uliowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Akivuka hapo bila kufikia shilingi 7,000,000, naye hana kumbukumbu za biashara, alipangiwa shilingi 100,000. Na tumchukue muuza mitumba mwenye mauzo ya shilingi 5,000,000 kwa mwaka, ambaye katika kila shilingi tano anazouza hubakiwa na moja. Pato lake halisi ni shilingi 1,000,000 kwa mwaka, yaani chini ya shilingi 84,000 kwa mwezi. Mfanyakazi mwenye pato hilo hakatwi hata senti moja, kwa sababu mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi umesamehewa. Muuza mitumba hutoa sehemu moja ya kumi ya pato lake. Basi nani kati ya wawili hao anayestahili kuonewa wivu?

Kwa hiyo mfanyakazi na machinga si maadui. Wote wawili wanalalamikia jambo lilelile: kwamba mkono wa kodi humfikia kwanza yule aliye karibu, si yule aliye na uwezo.

Tabia hiyo ina historia ndefu katika nchi hii. Wajerumani walipoanzisha kodi ya vibanda mwaka 1898, hawakuuliza mwenye kibanda anapata nini. Waliuliza kama ana kibanda. Lengo halikuwa fedha peke yake, bali kumlazimisha Mwafrika aache shamba lake akafanye kazi katika mashamba ya walowezi. Kodi hiyo, pamoja na kulimishwa pamba kwa nguvu, ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Waingereza waliokuja baadaye waliendeleza kodi za kibanda na kichwa. Ndiyo maana neno lenyewe kodi liliingia katika masikio ya wazee likiwa na sauti ya amri, si ya ushirika.

Baada ya Uhuru jitihada zilifanywa kuibadili sauti hiyo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya kwamba wakazi wa mijini wanaweza kugeuka kuwa wanyonyaji wa wakulima, kwa kuwa mikopo inayojenga miji hulipwa kwa jasho la wanaozalisha mazao ya kuuza nje. Mwaka 1969 ilifutwa kodi ya mtu mmoja mmoja iliyokuwa ikitozwa na halmashauri. Lakini katika miaka ya 1980 ilirudi kwa jina la kodi ya maendeleo, na kwa miaka mingi vijana waliwakimbia mgambo vichakani kwa kukosa stakabadhi, mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Funzo la historia hiyo ni wazi. Kodi inayomtoza mtu kwa kuwapo kwake, pasipo kuuliza anapata nini, huingiza fedha kidogo na chuki nyingi.

Kodi ya mapato ilibuniwa ili iwe kinyume cha hayo. Msingi wake ni mmoja na ni mzuri: aliyepata zaidi achangie zaidi, aliyepata kidogo achangie kidogo, asiyepata aachwe. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1973, inaubeba msingi huo katika ngazi zake za viwango, kuanzia asilimia 8 hadi asilimia 30 kwa mshahara. Tatizo haliko katika msingi. Liko katika milango iliyoachwa wazi pembeni mwa nyumba.

Mlango wa kwanza ni posho. Sheria imeziacha nje ya kodi posho kadhaa za watumishi wanaolipwa kwa bajeti ya Serikali: ya nyumba, ya usafiri, ya madaraka, ya kazi za ziada na ya mazingira magumu. Hakuna atakayemnyima mwalimu wa kijiji cha mbali nafuu yake. Lakini posho hukua pamoja na cheo. Karani ana mshahara mtupu, nao wote unaingia katika hesabu ya kodi. Mkubwa wake ana mshahara pamoja na posho, na sehemu ya pato lake inabaki kivulini. Naye mfanyakazi wa kiwanda binafsi akipewa posho ya nyumba hutozwa. Mwaka 2016, lilipoletwa bungeni pendekezo la kukata kodi katika kiinua mgongo cha wabunge, mjadala ulikuwa mkali. Mwananchi alikuwa na haki ya kushangaa kwamba jambo lililo la kawaida kabisa kwa mfanyakazi lilihitaji ubishi mkubwa kiasi hicho lilipomgusa mtunga sheria.

Mlango wa pili ni mapato ya mali. Mwenye nyumba za kupangisha hujulikana na mtaa mzima, lakini si kila mara hujulikana katika vitabu vya kodi. Sheria inataka asilimia 10 ya pango izuiwe na kupelekwa serikalini. Pale mpangaji anapokuwa kampuni au ofisi ya umma, hilo hufanyika. Pale anapokuwa mtu wa kawaida mwenye chumba kimoja, mapatano huwa ya mdomo na stakabadhi haipo. Itazamwe pia kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 ilihamishiwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU. Kodi iliyokusudiwa kwa mwenye jengo ilianza kulipwa na anayenunua umeme, naye mara nyingi ni mpangaji. Alielezwa kwamba anaweza kudai arudishiwe na mwenye nyumba. Mpangaji gani wa Manzese au Mbagala mwenye nguvu za kumdai mwenye nyumba? Ukusanyaji ulirahisishwa, haki ikachechemea.

Mlango wa tatu ni wa makampuni makubwa. Kiwango cha kodi yao ni asilimia 30 ya faida, lakini faida ni kitu kinachoweza kuhamishwa. Kampuni ikinunua huduma kwa bei ya juu kutoka kwa ndugu yake aliye nje, au ikikopa kwake kwa riba kubwa, faida hupungua hapa na kuota kwingine. Sheria inayatoza kodi ya mauzo makampuni yanayotangaza hasara miaka mitatu mfululizo, na kuwepo kwa kifungu hicho ni ushahidi kwamba hasara za namna hiyo zimekuwa desturi. Mwaka 2017 Kampuni ya madini ya Acacia ilidaiwa kodi, adhabu na riba zilizofikia dola bilioni 190 za Marekani. Kampuni ilikana. Makubaliano yaliyotiwa saini na Barrick Januari 2020 yaliweka malipo ya dola milioni 300, pamoja na hisa za asilimia 16 za Serikali katika migodi. Wapo wanaosema dai la kwanza lilikuwa kubwa mno, na wapo wanaosema malipo yalikuwa madogo mno. Pande zote mbili zinapaswa kukubaliana katika jambo moja: tofauti kubwa kiasi hicho kati ya dai na malipo inaonyesha jinsi ilivyo vigumu kwa mwananchi kujua mkubwa anadaiwa nini hasa. Muuza mitumba hadaiwi kwa mafumbo.

Kwa hali hiyo, hatua za kuchukua hazihitaji ramli.

Mipaka ya viwango vya mshahara ifuatane na bei za vitu. Mipaka iliyowekwa Julai 2020 ilipangwa kwa maisha ya wakati huo. Mfanyakazi anayeongezewa mshahara kutoka shilingi 500,000 hadi 550,000 ili aweze kununua unga uleule hajatajirika, lakini sehemu ya pato lake inayozidi shilingi 520,000 hutozwa asilimia 20 badala ya 8. Nyongeza iliyotolewa kwa mkono wa kulia haifai ichukuliwe kwa mkono wa kushoto.

Posho kubwa zihesabiwe kama mshahara, bila kujali mwajiri ni nani wala anayelipwa ana cheo gani. Misamaha ya kodi itangazwe kwa majina, kwa kiasi na kwa sababu, ili Bunge na wananchi waone kila mwaka nani amesamehewa na Taifa limepata nini badala yake. Ibara ya 138 ya Katiba inasema kodi haitozwi ila kwa sheria ya Bunge. Ni haki pia kwamba kodi isisamehewe ila mbele ya macho ya wenye Bunge lao.

Mfanyabiashara mdogo afundishwe kutunza daftari kabla ya kutishwa. Kwa utaratibu uleule wa mwaka 2019, mwenye mauzo ya shilingi 5,000,000 aliyekuwa na kumbukumbu alitakiwa kulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi shilingi 4,000,000, yaani shilingi 30,000 tu badala ya 100,000. Daftari la shilingi chache liliokoa shilingi 70,000. Migomo ya wafanyabiashara wa Kariakoo, Mei 2023 na tena Juni 2024, ilionyesha kwamba mahali ambapo makadirio na ukaguzi hugeuka kuwa vitisho, maduka hufungwa na Hazina hukosa vyote.

Wafanyabiashara nao wasijifiche nyuma ya makosa ya maofisa. Asiyetoa risiti kwa mnunuzi, ilhali ameshaiweka kodi ndani ya bei, haonewi na mtu. Huyo amekusanya fedha za umma akazitia mfukoni, na jina lake linajulikana katika lugha ya Kiswahili. Mnunuzi anayekubali kupunguziwa bei ili asidai risiti ni mshiriki wake.

Mwisho, haki ya kutoza haiwezi kutenganishwa na haki ya kutumia. Mwananchi huvumilia makato makubwa akiiona dawa katika zahanati na dawati darasani. Havumilii hata makato madogo akisoma katika taarifa za ukaguzi kwamba fedha zimepotea na aliyezipoteza amehamishiwa kituo kingine. Kila shilingi inayoibwa serikalini huzaa wakwepaji wapya mitaani, kwa maana humpa mkwepaji kisingizio na humvunja moyo mlipaji mwaminifu.

Kulipa kodi ni wajibu wa kila mwenye pato. Lakini wajibu huo una nguvu pale tu aliye juu anapoutimiza kwanza, waziwazi na bila kusukumwa. Mzigo wa Taifa ukigawanywa kwa uwezo, mfanyakazi ataacha kumtazama machinga kwa jicho la husuda, na machinga ataacha kumkimbia mtoza kodi. Ukiendelea kugawanywa kwa urahisi wa kukamata, walio karibu watachoka, na walio mbali watazidi kunenepa.