Fedha za utafiti wa lishe zinapungua: zinakuhusu vipi wewe na mtoto wako?

Ukisikia redioni kwamba nchi tajiri zimekata misaada ya utafiti, ni rahisi kudhani hayo ni mambo ya wasomi wa vyuo vikuu. Lakini kiazi lishe unachomponda mtoto wako, unga ulioongezwa virutubishi na chakula dawa anachopewa mtoto mwenye utapiamlo mkali, vyote vilianza kama utafiti. Na kila utafiti una aliyeulipia. Kama muuguzi wa jamii, nataka ujue nini kimebadilika na wewe unaweza kufanya nini.

Nini kimetokea?

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Kufikia Julai mwaka huo, shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Miongoni mwa kazi zilizokatwa ni miradi ya utafiti ya Feed the Future, ambako vyuo vikuu vya Marekani vilishirikiana na watafiti wa Afrika kuhusu mbegu, mifugo na uhifadhi wa mazao. Uingereza nayo ilitangaza Februari 2025 kwamba itapunguza misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027.

Hata upimaji uliguswa. Tunajua kwamba watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa kwa sababu ya utafiti wa kaya uliofanyika 2022. Utafiti wa 2015/16 ulionyesha 34 kati ya 100. Mpango wa kimataifa unaosaidia nchi kufanya tafiti hizo ulitegemea sana fedha za Marekani, nao ulisimamishwa mwanzoni mwa 2025, kabla ya kupata wafadhili wengine wa muda. Pasipo vipimo, ni rahisi mtu kusema udumavu umekwisha, na ni vigumu kumbishia.

Upande wa pili, Machi 2025 nchi na mashirika yalikutana Paris kwa ajili ya lishe na kuahidi zaidi ya dola bilioni 27. Ni habari njema, ila ahadi si fedha mkononi.

Mfano: kiazi lishe

Kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya chungwa kina vitamini A kwa wingi, vitamini inayolinda macho na kumsaidia mtoto kupambana na magonjwa. Kiasi cha gramu 125, yaani kiazi kimoja kidogo, kinatosha mahitaji ya siku ya mtoto ambaye hajaanza shule. Aina ya Kabode, inayolimwa pia Tanzania, ilitokana na kazi ya mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga. Yeye na wenzake watatu walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016, baada ya kazi ya miaka mingi.

Kazi hiyo haina mwisho. Marando yakipandwa msimu baada ya msimu hushambuliwa na virusi, na mavuno hushuka. Lazima awepo anayezalisha marando safi na kutafuta aina mpya zinazostahimili ukame na magonjwa. Fedha zikikatika, kiazi hakipotei kesho. Hupungua polepole shambani, mpaka siku moja unatafuta marando usiyapate.

Fedha za nyumbani

Wafadhili wakiondoka, bajeti ya nyumbani ndiyo inayobaki. Tanzania ina mkataba wa lishe uliosainiwa upya Septemba 2022 kati ya Rais na wakuu wa mikoa. Halmashauri zinatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, kutoka mapato yao ya ndani. Halmashauri yenye watoto 40,000 inapaswa kutenga milioni 40 kwa mwaka.

Hapo ndipo sauti yako ina uzito. Katika mkutano wa kijiji au mtaa, au siku ya afya na lishe, uliza: fedha za lishe za watoto wetu zimetengwa kiasi gani, zimetoka kiasi gani, na zimefanya nini? Je, sehemu yake inaweza kununua marando safi kutoka kituo cha utafiti cha TARI? Kuuliza si ukorofi, ni haki yako.

Unachoweza kufanya

1. Tunza mbegu yako. Watafiti Kanda ya Ziwa waliboresha njia rahisi kwa maeneo yenye kiangazi kirefu. Wakati wa mavuno chagua viazi vya wastani visivyo na fukusi wala majeraha. Vipange kwenye beseni lenye mchanga mkavu na uviweke ndani, mahali pa baridi. Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua, vipande kwenye bustani karibu na nyumba na uvimwagilie. Mvua zikianza, utakuwa na marando yako.

2. Pika vizuri. Chemsha kiazi na ganda lake, kisha kimenye. Ongeza mafuta kidogo au karanga iliyosagwa ili mwili upate vitamini. Ukikausha, kaushia kivulini, maana jua kali hupunguza vitamini A.

3. Jiungeni kikundi. Halmashauri hutoa mikopo isiyo na riba kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinaweza kuomba kwa ajili ya kuzalisha marando au kusindika vyakula. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata.

4. Una ubunifu? Mashindano ya kitaifa ya MAKISATU hupokea pia wabunifu wasio na elimu ya chuo. Kikaushio ulichobuni mwenyewe kinaweza kustahili.

5. Usiache kliniki. Kiazi lishe hakichukui nafasi ya matone ya vitamini A, yanayotolewa kila miezi sita kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, kwa kawaida Juni na Desemba. Mtoto akipungua uzito, akivimba miguu au akikataa kula, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.