Kukonda Hadi Kufa Si Urembo



Hapa Dakawa mtu akikonda ghafla, majirani humuuliza kulikoni. Wazee wanakumbuka kwamba UKIMWI ulipobainika Kagera mwaka 1983, watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha fasheni kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Waganda nao waliuita Slim, yaani kukonda. Kwetu sisi, kukonda kupita kiasi ni dalili ya hatari, hata kama mgonjwa amevaa nguo ya thamani.

Ndiyo maana tunashangaa biashara ya mitindo inapowadai wasichana wafanane na wagonjwa. Agosti 2006, mwanamitindo Luisel Ramos wa Uruguay, mwenye umri wa miaka 22, alifariki akiwa kwenye onyesho la mavazi mjini Montevideo. Novemba mwaka huohuo alifariki Ana Carolina Reston wa Brazili, miaka 21, baada ya kuugua maradhi ya kujinyima chakula. Februari 2007 akafuata Eliana, mdogo wake Luisel, akiwa na miaka 18. Waandaaji wa maonyesho ya Madrid walianza mwaka 2006 kuwazuia waliokonda mno. Ufaransa ilianza kudai cheti cha daktari mwaka 2017. Sheria ni njema, lakini ilikuja baada ya makaburi.

Wapo watakaosema: hayo ni ya Wazungu, kwetu anasifiwa mwanamke mwenye mwili. Hatukubaliani nao. Mwaka 2023 gazeti la Sunday Times la Uingereza liliandika habari za vijana waliochukuliwa na mawakala wa mitindo katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, wakapelekwa Ulaya, na baadhi yao wakarudishwa kambini wakiwa na madeni makubwa. Soko linalotafuta miili myembamba limekwisha kufika kwenye mlango wa wenye njaa. Na picha zake zimo kwenye simu za binti zetu.

Wengine watatuuliza: mbona nanyi Wakatoliki mnafunga? Ni kweli, tunafunga. Lakini Kwaresima ina mwisho, na baada yake huja Pasaka. Anayefunga hufunga kwa hiari, na chakula alichojinyima humpa maskini. Kanisa haliwadai kufunga watoto, wala wagonjwa. Mfungo wa jukwaani hauna Pasaka. Anayeufunga ni msichana, na anayefaidika ni mfanyabiashara.

Hatusemi kila mwembamba ni mgonjwa. Wengi wamezaliwa hivyo, nao wasisimangwe. Wala hatusemi kazi ya mitindo ni dhambi. Ni kazi, na kila mfanyakazi anastahili kulindwa. Viwango vya urembo navyo si amri za Mungu. Mwaka 2007 Flaviana Matata wa Shinyanga alishindana katika Miss Universe akiwa amenyoa kipara, akaingia kumi bora. Kumbe kinachoitwa urembo kinaweza kubadilika, mradi awepo wa kukataa.

Basi tunawaomba waandaaji wa mashindano na maonyesho hapa nchini wadai cheti cha daktari kabla msichana hajapanda jukwaani. Tusisubiri msiba wetu wenyewe ndipo tujifunze. Wazazi, msikubali mkataba wa wakala kabla ya kumpata mtu anayeuelewa awasomee. Walimu na walezi wa mabweni, mkiona binti anakwepa mlo siku baada ya siku, msimcheke wala msimsifu. Mpelekeni kituo cha afya. Nasi tunaojiandaa kuwa mapadre tusiishie kuhubiri juu ya urefu wa sketi huku tukinyamazia njaa iliyomo ndani yake.

Tumeumbwa kwa sura ya Mungu. Wilaya yetu ya Mvomero inalima mpunga, na Watanzania wengi wanakula jasho lake. Binti wa Dakawa asifundishwe kuona aibu mbele ya sahani ya wali.