Reli Iwe Mali ya Nani?

Watu wengi hubishana juu ya jambo hili: je, yafaa reli iwe mali ya Serikali, au iwe mali ya makampuni yatafutayo faida? Natutazame habari za Uingereza, kwa maana nchi hiyo imejaribu njia zote mbili.

Zamani reli za huko zilikuwa mali ya makampuni. Tarehe 1 Januari 1948 Serikali ilizitwaa, zikawa mali ya taifa. Kisha, kwa sheria ya mwaka 1993, zikarudi mikononi mwa makampuni, lakini safari hii ziligawanywa vipande. Njia ilipewa kampuni moja, jina lake Railtrack. Mabehewa yakawa ya wengine wanaoyakodisha. Na waendeshaji wakawa wengine tena, zaidi ya ishirini.

Wahenga walisema, Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Tarehe 17 Oktoba 2000, karibu na Hatfield, reli ilivunjika chini ya gari la moshi lililokuwa likienda mbio. Watu wanne wakafa. Nyufa za chuma kile zilikuwa zimekwisha kujulikana, wala hakikubadilishwa kwa wakati. Mwaka uliofuata Railtrack ikashindwa kulipa madeni yake.

Lakini tuseme kweli yote. Katika miaka ya makampuni, abiria wa Uingereza waliongezeka zaidi ya maradufu. Tena huko Japani, reli za Serikali zilizama katika deni kubwa mno, hata mwaka 1987 zikagawiwa makampuni. Ila angalia: kila kampuni ya abiria huko hutunza njia yake pamoja na magari yake. Jambo likiharibika, haina wa kumsingizia.

Mimi naona afadhali reli iwe mali ya watu wote. Mnunuzi wa sokoni akiona ndizi mbovu, huenda kwa muuzaji mwingine. Bali abiria asimamaye stesheni mara nyingi hana gari jingine la kuchagua. Tena kampuni ikifilisika, reli haiwezi kuachwa ife; Serikali hulipa. Basi, ikiwa hasara ni ya wote, ni haki faida nayo iwe ya wote. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kurudisha usafiri wa abiria wa reli mikononi mwa Serikali.

Hata hivyo, mali ya wote isiwe mali isiyo na mwenyewe. Serikali na itoe fedha za matengenezo kila mwaka, na wakubwa wa reli watoe hesabu mbele ya watu. Awaye yote mwenye reli, akumbuke: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.