Biharusi, kisu chako kisilale majini



Kwenye zawadi za biharusi siku hizi haikosekani seti ya visu vyenye mipini ya mbao inayong'aa. Muuzaji anaapa, "Huu hauingii maji." Neno hilo ndilo linaloviua.

Mpini huo ni mbao kweli: tabaka nyembamba zilizonyweshwa resini, zikashindiliwa kwa moto mpaka zikawa kitu kimoja. Wengine wanauita Pakkawood. Unastahimili maji kuliko mbao tupu, lakini ukilala usiku kucha kwenye beseni la vyombo, maji hupenya pale mpini unapokutana na chuma na pembeni mwa ribiti. Pakifunuka upenyo kama uzi, shombo ya samaki huhamia humo, chuma hushika kutu kwa ndani, na mpini huanza kucheza mkononi. Halafu kisu kilichojificha chini ya povu kinamsubiri nani? Wifi yako, aliyekuja kukusaidia.

Kioshe peke yake, mara tu ukimaliza, kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji na sponji laini. Stili waya hapana, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe hapana, na mashine ya kuoshea vyombo hapana kabisa. Shombo ikigoma, pitisha ndimu, suuza hapo hapo. Kisha kifute kwa kitambaa kikavu, na ule mshono wa mpini usiuruke. Usikiache kijikaushe, huku visiwani hewa yenyewe ina maji, masika ndiyo usiseme.

Mpini ukififia, pakaa nta ya nyuki kidogo, au tone la mafuta ya madini yanayouzwa kwa ajili ya vibao vya kukatia, usugue na kufuta yote yanayobaki. Mafuta ya kupikia yabaki kwenye sufuria: juu ya mpini hunata na kuchacha.

Tunachoona ajabu ni kuwa somo anamfundisha biharusi singo, udi na adabu za chumbani, ila kisu anakabidhiwa ndani ya boksi bila neno. Mwaka haujaisha, seti inatupwa, inanunuliwa nyingine. Kama si israfu, ni nini? Robo saa jikoni na somo wake haimpunguzii biharusi udi.

Na wewe mtoa zawadi, kwa pesa ile ile, tunaona bora kisu kimoja kizuri kuliko seti ya kumi. Vinane vitalala kabatini.