Ramani ya Kale Si Makaratasi ya Mkoloni

Wasee, kila nikisema nakusanya ramani za zamani mnanicheka. Eti makaratasi ya mkoloni. Sawa, nipeni dakika mbili.

Waingereza wana wazimu wa kitu hiki. Mwaka 1579 Christopher Saxton alitoa atlasi ya kaunti za Uingereza na Wales. Kila ramani ilichongwa kinyumenyume kwenye bamba la shaba, ikapigwa chapa kwa wino mweusi, na nyingi zikapakwa rangi kwa brashi, moja moja. Leo mtu anatafuta ya kaunti ya kwao, anaitia fremu kama picha ya arusi.

Sisi wa 043 na 044 hatuna hizo. Kwenye ramani ya Erhardt na Rebmann ya 1856, wamisionari waliokuwa pwani wakisikiliza hadithi za wafanyabiashara, ziwa letu limeunganishwa na mengine likawa dubwana moja, kama konokono bila kombe! Baadaye, hadi 1902, upande wetu ulichorwa ndani ya Uganda. Kisha tukawa South Kavirondo, kisha South Nyanza. Naipenda sana hiyo ya konokono. Inaonyesha mtu akichora kwetu bila kufika.

Faida? Uliza mvuvi wa Muhuru Bay. Migingo, kijiwe cha nusu ekari hivi, kilitugombanisha na Uganda. Polisi walikuwepo, wanasiasa walipiga kelele, lakini 2009 mambo yakarudi kwenye mpaka ulioandikwa 1926, unaoruka kutoka kisiwa hadi kisiwa. Wapimaji wa Kenya wakasema Migingo iko mita 510 upande wetu. Karatasi ya mkoloni ndiyo iliyotutetea, manze.

Mimi nilichelewa. Babu alikuwa na ramani ya South Nyanza, mipaka ya lokesheni imepakwa penseli za rangi, nadhani na karani fulani. Alipofariki, shangazi akaifungia omena. Simlaumu, hakuna aliyewahi kumwambia ina maana.

Nakala za ramani za Afrika Mashariki ziko bure kwa mkusanyiko wa David Rumsey, pakua uone. Lakini anza na sanduku la mzee wako. Ukipata kitu, usikipeleke saiba kulaminishwa, ile plastiki haitoki tena. Kiweke kikavu, mbali na jua, halafu nitumie meseji. Niko Rongo, nauli ni juu yangu.