Granule ya sungura wakubwa: bei ya saki si bei ya chakula



Kila wakati feza za mauzo zinaingia ndani ya kesi ya koperative, ulizo moja linarudia kwenye mukutano wa wafugaji: tununue granule gani kwa ajili ya sungura? Mara nyingi jibu linatoka mbio: ile ya bei ya chini. Sisi wa komite ya mifugo midogo tunaona kwamba jibu hilo linatupotezea feza, na wakati mwingine linaua wanyama. Tunaandika sasa ili mambo haya yazungumuzwe mbele ya mukutano mukubwa, saki zikingali kwa muchuruzi.

Kwanza tukumbuke sungura anatusaidia nini. Kwetu milimani Kivu, familia nyingi hazina tena ngombe, na hata mbuzi anahitaji fasi ya kutosha. Sungura anakaa ndani ya klapie nyuma ya nyumba. Anabeba mimba siku 31 tu, na wakati shule inafungua, ni yeye anauzishwa ili daftari zipatikane. Kwa hiyo mama sungura mumoja akikufa, si nyama tu imepotea. Ni vizao vya mwaka muzima vimepotea, na mara nyingi ni feza ya mama wa nyumba, kwani yeye ndiye anamulisha.

Sasa tuseme wazi maoni yetu. Kwa sungura mukubwa asiye na mimba na asiyenyonyesha, chakula cha kwanza ni majani. Granule ni ya kuongezea, na inapashwa kuwa kidogo. Ile kidogo basi iwe ya muzuri. Feza tunayobakisha, tuitumie kwa mama wanaonyonyesha na kwa wakati wa kiangazi.

Tuone sababu. Tumbo la sungura halifanani na la nguruwe wala la kuku. Nyuzinyuzi za majani ndizo zinasukuma chakula ndani ya matumbo. Zikipunguka, na unga wa mahindi ukizidi, chakula kinasimama, kinachacha, tumbo linavimba, kuhara kunaanza. Asubuhi unakuta munyama amelala upande. Tena meno ya sungura yanaendelea kukua maisha yake yote; kutafuna majani magumu ndiko kunayapunguza. Granule hata ya bei ya juu namna gani haifanye kazi hiyo sawasawa.

Kuna jambo lingine ambalo wengi wanaliona bila kulielewa. Sungura anatoa mavi ya namna mbili. Yale magumu yanaanguka chini ya klapie. Yale laini anayala yeye mwenyewe, akiyatoa moja kwa moja kwenye mukundu. Haiko ugonjwa na haiko njaa. Ndani ya yale mavi laini kuna protini na vitamini ambazo matumbo yake yametengeneza kutoka kwenye majani. Ndiyo sababu sungura mukubwa aliyepumuzika haombi chakula chenye protini nyingi. Protini ya 12 mpaka 14 kwa mia inamutosha. Ukimununulia granule ya 17 kwa mia, ile yenye kufaa mama anayenyonyesha, unalipa kitu ambacho mwili wake unakitupa ndani ya mukojo.

Basi mbele ya kuuliza bei, tusome etikete. Kwenye saki iliyoandikwa Kifaransa tafuta maneno “cellulose brute” ao “fibres brutes”. Kwa sungura mukubwa, namba yake isiwe chini ya 14 kwa mia; ikifika 18, ni muzuri zaidi. Kisha tafuta “protéines brutes”, na utazame tarehe ya kutengenezwa. Kama wewe haujue kusoma, mutoto wa shule anaweza kukusaidia. Hiyo haiko haya. Saki isiyo na etikete, ao granule inayouzishwa kwa kopo kutoka kwenye saki iliyofunguliwa sokoni, tunaomba koperative isinunue kabisa, hata bei yake ikiwa nusu. Haujue ilitengenezwa kwa ajili ya munyama gani, wala ilikaa ndani ya unyevu siku ngapi.

Hapa tunafika kwenye jambo linalotusumbua zaidi. Wachuruzi wengine wanatuambia: “Chukueni chakula cha kuku, ni kitu kimoja.” Haiko kitu kimoja. Chakula cha kuku wa mayai kimejaa kalsiyumu kwa ajili ya ganda la yai: inafika 3,5 mpaka 4 kwa mia. Sungura mukubwa anahitaji chini ya 1 kwa mia. Mwili wake hauwezi kuikataa. Inaingia kwa wingi ndani ya damu, kisha figo zinafanya kazi ya kuitosha. Ikiendelea miezi, figo zinaumia na mawe yanajitengeneza ndani ya njia ya mukojo. Chakula cha kuku wa nyama nacho kinaweza kuwa na dawa za kuzuia koksidiozi. Zingine kati yake, kama narasini na salinomisini, kuku anazivumilia lakini kwa sungura ni sumu. Munyama analegea miguu, anaacha kula, anakufa. Na chakula cha nguruwe, hata kama hakina dawa, kina nyuzinyuzi kidogo sana.

Tunajua jibu la wengi: “Granule ya muzuri ni bei kali, hatutaiweza.” Tupige hesabu pamoja. Namba za bei tunazotia hapa ni za mufano tu. Kila mutu atie zile za soko lake.

Tuseme uko na sungura wakubwa 10, na saki ni ya kilo 25. Ukiwalisha granule peke yake, kila mumoja atakula karibu gramu 125 kwa siku. Wote 10 watamaliza kilo moja na robo, na saki itaisha kisha siku 20. Lakini ukiwapa majani ya kutosha, na juu yake gramu 40 tu za granule kwa kila mumoja, watakula gramu 400 kwa siku, na saki ileile itafika siku 62. Ona: bila kubadilisha bei hata kidogo, saki imezidisha maisha yake mara tatu.

Sasa tuseme saki mbaya ni dola 15 na saki ya muzuri ni dola 20. Tofauti ni dola 5. Gawanya kwa sungura 10, kwa siku 62. Ni nusu dola kwa kila sungura kwa miezi miwili. Nani kati yetu anaweza kukataa kulipa nusu dola ili mama sungura wake asife? Ile tunaita bei kali inatoka kwenye wingi tunaomwaga ndani ya sahani, zaidi kuliko kwenye bei ya saki.

Kupima gramu 40 haiko kazi nguvu. Mulete kopo la tomate kwenye depo, mupime mara moja kwa balansi ya koperative, kisha mutie alama kwa musumari fasi granule inafika. Kila nyumba iwe na kopo lake. Kipimo hicho ni cha sungura wa kilo 3 mpaka 4. Aliye mudogo apate kidogo zaidi, na aliyenenepa mupaka hauhisi mifupa ya mugongo apunguziwe, kwani mama munene anashika mimba kwa shida.

Lakini tusikosane: mama anayenyonyesha na watoto waliotoka kuachishwa hawamo ndani ya hesabu hiyo. Mama anayenyonyesha watoto 6 ao 8 anahitaji kushiba, na kwake granule ya protini 16 mpaka 18 kwa mia ni feza iliyotumiwa muzuri. Mukimupa gramu 40 kama dume aliyekaa tu, maziwa yatapunguka na watoto watakufa ndani ya kiota. Kubana mukono kwa wakubwa ni kwa ajili ya kufungua mukono kwake.

Kuna ndugu wengine wanaosema kinyume: “Sungura ni munyama wa majani, granule ni mambo ya wazungu, tuiache kabisa.” Tunaheshimu wazo hilo, lakini linasahau vitu viwili. Cha kwanza ni kiangazi. Kuanzia mwezi wa 6 mupaka mwezi wa 8 majani yanakauka, na yale yanayobaki hayana nguvu. Cha pili ni kwamba majani hayako ya bure. Mutu anayakata. Mara nyingi ni mama kisha ya kutoka shambani, ao mutoto kisha ya masomo, na kuna fasi zingine kwenda mbali kutafuta majani ni hatari. Kopo moja la granule linaweza kupunguza furushi moja la majani kwenye kichwa cha mama. Hiyo pia ni bei, hata kama haiandikwe kwenye daftari ya kesi.

Kwa hiyo, pamoja na granule, tupande majani karibu. Kwenye mitaro ya kuzuia mumomonyoko tuko na fasi ya setaria, tripsakumu na desmodiumu. Yanashika udongo na yanalisha. Matembele sungura anapenda sana. Majani ya muhogo yasitolewe mabichi. Yakauke kwanza, juu yana sumu. Majani ya avoka na ya viazi vya kizungu yasiingie ndani ya klapie hata siku moja.

Wenye kukosa granule wanaweza kuchanganya pumba ya mahindi ao ya ngano na majani makavu yaliyotwangwa, na chumvi ya jikoni nusu kilo kwa kilo 100. Ikiloweshwa maji kidogo na kufinyangwa, iliwe siku ileile. Lakini tujihazari na pumba ao mashapo ya karanga yenye ukungu. Sumu ya ukungu, ile inaitwa aflatoksini, inaua sungura mbele ya wanyama wengi wengine. Kama inanuka ukungu, usijaribu kuichanganya na ya muzuri ili isipotee. Itupwe.

Ni vilevile kwa granule. Saki isikae chini kwenye udongo. Iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Vidonge viwe vigumu. Vikiwa vimevunjika kuwa unga, sungura wataacha unga huo chini ya sahani, na utakuwa umeulipa bure. Na kama tunabadilisha granule, tubadilishe polepole kwa juma moja ao siku 10, tukichanganya ya zamani na ya mupya. Maji yasikosekane hata saa moja, kwani granule ni kikavu: sungura asiyekunywa anaacha kula.

Tunataka pia kusema neno kwa wanaotusaidia, na gazeti hili ni fasi yake. Muradi ukileta granule ya bure kwa miezi sita, tunashukuru. Lakini sungura wakizoea granule tu, na sisi tukizoea kutokata majani, mwezi wa saba nani atanunua? Tunapenda zaidi musaada wa mbegu za majani, wa balansi, na wa kulipa sehemu ya saki za mama wanaonyonyesha. Vitu hivyo vinabaki, ao vinaisha bila kutuacha na klapie tupu.

Kwa mukutano mukubwa ujao, komite inaleta maombi matatu. La kwanza, koperative inunue granule mara moja kwa wanamemba wote. Tukiwa pamoja muchuruzi atatupatia bei ya jumla, na tutaweza kumuomba etikete na tarehe. La pili, stoki igawanywe sehemu mbili, kwa sababu granule ya mama wanaonyonyesha haiko ile ya wakubwa, na ya mama ihesabiwe kwanza. La tatu, sehemu moja ya stoki isiguswe mupaka mwezi wa 6. Lakini isinunuliwe mapema sana, kwani granule iliyokaa zaidi ya miezi mitatu inapoteza vitamini.

Kila mwanamemba aje na namba mbili zilizoandikwa kwenye karatasi: iko na sungura wakubwa wangapi, na kati yao mama wangapi watanyonyesha ndani ya kiangazi. Kwa namba hizo tutajua saki ngapi za kununua. Na yule atakayesimama kusema “tununue ile ya bei ya chini”, tutamuomba kwanza atusomee etikete yake.