Bei ya Ng'ambo si Gharama ya Karatu

Siku hizi wafanyakazi wengi wa Karatu na Ngorongoro, wakiwamo madereva, waongoza watalii na wahudumu wa hoteli, pamoja na wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, wana hamu ya kuagiza spika, amplifaya na mikrofoni moja kwa moja kutoka ng'ambo. Sababu ni moja: bei inayoonekana katika simu ni ndogo kuliko ya dukani Arusha.

Hatuwalaumu hata kidogo. Fedha ya mfanyakazi hupatikana kwa jasho, na kuiokoa ni haki yake. Lakini wajibu wetu ni kuwakumbusha kwamba bei ya ng'ambo si gharama ya Karatu.

Na tuchukue mfano wa spika iliyotangazwa kwa shilingi 400,000. Nauli ya meli na bima zikiwa shilingi 100,000, Forodha haihesabu 400,000, bali 500,000. Ikiwa chombo hicho kimo katika kiwango cha asilimia 25 cha ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ushuru wake ni shilingi 125,000. Kisha huja Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18 ya jumla hiyo yote, yaani shilingi 112,500. Spika ya 400,000 imekwisha kuwa ya 737,500, na bado imo bandarini Dar es Salaam! Ujira wa wakala haujalipwa, wala nauli ya kuipandisha Arusha, Makuyuni na Mto wa Mbu hadi Karatu.

Tena kuna hatari ya umeme. Umeme wetu ni wa volti 230. Wa Marekani ni wa volti 120. Amplifaya iliyotengenezwa kwa umeme wa kule pekee, ikichomekwa hapa bila transfoma, huungua mara moja. Mikrofoni zisizo na waya nazo hutumia mawimbi ya redio, ambayo husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Mawimbi yanayoruhusiwa ng'ambo huenda hapa yasiruhusiwe.

Wazee wanakumbuka kwamba Arusha palikuwa na kiwanda cha Philips kilichounganisha redio, na Dar es Salaam palikuwa na kiwanda cha Matsushita. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipowakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, nchi ilikuwa na viwanda vyake vya redio. Leo spika iliyopasuka Karatu itarudishwa kwa nani? Nauli ya kuirudisha ng'ambo yaweza kuushinda ubovu wenyewe.

Basi tunashauri hivi. Kwaya, vikundi na vyama vya akiba na mikopo viagize kwa pamoja, ili ujira wa wakala na nauli vigawanywe. Fundi wa umeme aulizwe kabla ya fedha kutumwa, si baada ya moshi kutoka. Wahusika wa Forodha nao waeleze viwango vya ushuru kwa Kiswahili chepesi, ili mnyonge asitozwe na walanguzi kwa kutojua kwake.

Baada ya hesabu hiyo, kama nafuu ingali ipo, agizeni bila hofu. Kama haipo, nunueni Arusha, mahali ambapo chombo hujaribiwa mbele ya macho yenu. Mali bila daftari hupotea bila habari.